Kwa Marlen Toktorov, Aliyemwacha Mswidi Uwanjani

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Aprili ulipotoka kwenda kumwagilia miti ya tufaha, ukarudishwa ndani mikononi mwa majirani. Miti imechanua tena. Tumekusomea dua, tumechinja farasi, tumelisha watu zaidi ya mia mbili, na wazee wa ukoo wamesema karamu ya mwaka ya Marlen imefana. Tungeweza kuishia hapo. Ila siku hiyo ya karamu lilitokea jambo ambalo lazima ulisikie, na wasomaji wengine wakitaka kusikiliza, karibu.

Kalamu nimepewa mimi, Meerim. Ndugu yangu Kubat anasema yeye akiandika atalia, na Mama anasema yeye akiandika atagomba. Basi ameketi hapa anamenya viazi na anataka nimsomee kila aya kabla sijaendelea.

Wasiokufahamu wajue kwanza ulikuwa nani. Ulizaliwa mwaka 1972 hapa Bishkek, wakati mji ungali unaitwa Frunze. Babu alikuwa fundi wa mabomba kwenye bustani ya michezo, nawe ukawa unaingia bure kwenye viwanja vya tenisi mradi tu umbebee spana. Raketi yako ya kwanza ilikuwa ya mbao, imepinda, na nyuzi zake mbili zilikuwa za mshipi wa kuvulia samaki.

Ulikuwa mdadisi kabla hujawa mchezaji. Bibi alitusimulia jinsi ulivyopasua mpira mpya kwa kisu cha mkate, mpira uliopatikana kwa taabu, ili uone ni kitu gani ndani kinachourusha. Ukamwendea ukiwa na nusu moja kila mkono, ukamwambia ndani mna hewa tu. Ulichapwa kwa ajili ya hewa hiyo, na ukubwani bado ulikuwa unasema kipigo kile kilikuwa halali yako lakini jibu lile ulilihitaji.

Ulipofika miaka kumi na tisa, dola kubwa tuliyokuwa ndani yake ilivunjika, ukaamka siku moja ukakuta una nchi. Nchi yenyewe ndogo, changa, na huko ulikokwenda kucheza hakuna aliyeijua. Kwenye mashindano yako ya kwanza ya nje walipandisha bendera ya taifa jingine kabisa. Wenzako walitaka kususa. Wewe ulisimama wima, mkono kifuani, mpaka wimbo wa watu ukaisha, na ulipoulizwa ukasema bendera ya watu haijakukosea kitu. Baada ya hapo hukusafiri tena bila bendera yetu na kanda ya wimbo wetu ndani ya mfuko wa raketi.

Kiwango chako cha juu kabisa kilikuwa namba mia nne na kumi na mbili duniani. Mama alikuwa na namna yake ya kulisema hilo mbele ya wageni. "Dunia nzima," alisema, "ni watu mia nne na kumi na mmoja tu wanaoweza kumpiga mume wangu. Na mimi ni wa mia nne na kumi na mbili." Ulicheka kila mara kana kwamba hujawahi kulisikia.

Hukuwa na nguvu, tuseme ukweli. Ulikuwa mfupi, mwenye mkono wa kushoto, na mpira wako wa kuanzia ulimfika mpinzani ukiwa umeshachoka njiani. Lakini ulirudisha kila kitu. Ulikuwa ukimchosha mtu kwa kumrudishia, mpaka akakasirika akapiga nje mwenyewe. Mechi ikiisha ulimfuata, umeshinda au umeshindwa, kwenda kumuuliza kwa nini pale alipiga vile. Wengine walidhani unawacheka. Wachache walikujibu, na hao ndio waliokutumia kadi za mwaka mpya hadi mwisho.

Ulipoacha kucheza mwaka 2002, ulirudi kwenye viwanja vilevile vya bustani ukafundisha watoto wa watu kwa miaka ishirini na miwili. Mistari uliipaka chokaa kwa mikono yako. Kanuni yako ilikuwa moja: kama huna hakika mpira umeangukia ndani au nje, mpe mwenzako. Watoto waliichukia kanuni hiyo. Wazazi wao waliichukia zaidi, hasa wale waliokuwa wanatafuta vikombe vya kuweka kabatini.

Lakini kulikuwa na swali moja ambalo wewe, bingwa wa kuuliza, hukupata kulijibu.

Machi 1998, siku ya pili baada ya sikukuu ya Nooruz, ulikuwa ucheze hapa hapa Bishkek mechi ya mwisho ya mashindano. Mshindi alikuwa anapewa nafasi ya kucheza Ulaya kiangazi kile, kwenye mashindano makubwa ambayo hakuna mtu wetu aliyewahi kuyakanyaga. Mpinzani alikuwa Mswidi mmoja mrefu kama mlingoti. Mechi ilikuwa saa nane mchana. Watu walijaa hadi juu ya ukuta. Mama alikuwapo, msichana wa miaka ishirini na mitatu, bado hamjaoana. Alikuwa amevaa gauni la buluu alilolishona kwa ajili ya siku hiyo.

Hukutokea. Mwamuzi alingoja dakika kumi na tano, kama sheria inavyotaka, kisha akatangaza kwamba Mswidi ameshinda. Mama anasema hata yule Mswidi alionekana amehuzunika, akawa anakunja taulo lake polepole akiangalia mlango. Saa kumi ukaja, viatu vina tope, na uwanja mtupu. Mama alikuwa bado amekaa palepale. Akakuuliza ulikuwa wapi. Ukasema, "Nilichelewa."

Gazeti liliandika kwamba umemkimbia Mswidi. Sokoni wauza nyama wakawa wanakuita kwa mbali na kukuonyesha njia ya kutorokea. Wajomba zangu, kaka zake Mama, walimwambia asiyekuwapo na lake halipo, kwa hiyo akuache. Hakukuacha. Vuli ile baba yako na wazee wa ukoo walikwenda kumposa kwa babu yake, aliyemlea tangu mchanga, na babu akakubali bila neno. Mkaoana.

Lakini alikuuliza. Alikuuliza harusini, alikuuliza nilipozaliwa mimi, alikuuliza Kubat alipoanza kucheza na wenzake wakamtania. Hakuitaka ile nafasi ya Ulaya, hilo uliweke wazi moyoni. Alitaka kujua ameolewa na mtu wa namna gani. "Ulimwogopa?" alikuwa akisema. "Sema tu ulimwogopa, mimi nitakupenda na woga wako." Nawe ulicheka, ukasema ulichelewa, ukatoka kwenda kuangalia miti. Wiki moja kabla hujafa alikuuliza tena. Alipokuzika, alibaki na swali lake, na mwaka mzima nilimwona akilibeba. Alivaa nyeusi kwa ajili yako kama inavyopasa, lakini kulikuwa na kitu kingine juu ya nyeusi hiyo. Nadhani ilikuwa hasira.

Sasa sikiliza yaliyotokea kwenye karamu.

Baada ya nyama kuliwa, watu walianza kukusimulia mmoja mmoja, na zamu ikamfikia Valeri Pak. Unamjua rafiki yako. Miaka kumi mlicheza pamoja wawili wawili, na mdomo wake haujapata breki hadi leo. Akasema yeye atasimulia habari ya Mswidi, kwa sababu wote tunaifikiria na hakuna anayethubutu. Nikamtazama Mama. Alikuwa anapanga vikombe na hakuinua uso.

Valeri akaeleza kwamba asubuhi ile ya mechi uliazima gari lake, ukamwambia unakwenda kubadilishiwa nyuzi za raketi. Ulilirudisha saa kumi, tangi limejaa petroli, na kwenye kiti cha nyuma kuna furushi la nyama ya kondoo iliyopikwa. "Nikamuuliza, Marlen, nyuzi gani hizi? Akafungua furushi. Tukaila nyama hiyo, mimi na yeye. Nyama nzuri, laini. Nilijua alikwenda kujificha kwa watu waliomlisha. Nimelinyamazia hilo miaka ishirini na saba, na leo naona aibu, kwa sababu aliyejificha akala vizuri bado ni rafiki yangu." Watu wakacheka kidogo, kwa hofu ya Mama. Valeri akaongeza, ili tu kuinogesha hadithi, kwamba nyama ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa cha kichwa cheupe chenye maua mekundu pembeni, kazi safi ya mkono, na kwamba mke wake alikitumia miaka mingi kufunikia unga.

Hapo birika likagonga sinia. Alikuwa Bibi Kalipa, mke wa mjomba mdogo wa Mama, aliyekuwa anapita na chai.

"Kitambaa changu hicho," alisema. "Maua yale nilishona mimi, nikiwa bibi harusi."

Bibi Kalipa si mtu wa kusema mbele za watu. Aliketi pale pale alipokuwa, karibu na mlango, akaomba kipande cha mkate. Akakishika mkononi, kama kwetu mtu anavyoshika mkate akiapa, akakirudisha mezani mbele ya wote, akasema kiapo alikishika kwa ajili ya watu wawili, na wote wawili sasa wako chini ya ardhi, kwa hiyo anakirudisha.

Kisha akatueleza, na haya ndiyo aliyoeleza. Mwaka ule alikuwa mkwe mpya katika nyumba ya mzee, yule babu aliyemlea Mama, kijijini nyuma ya mji wa Tokmok. Siku ile kondoo alikuwa amechinjwa tangu alfajiri, kwa sababu watu wa kinu cha unga walikuwa wametuma habari kwamba wanakuja kumposa Burul, yaani Mama, kwa ajili ya kijana wao. Wangekuja na hereni. Hereni zikishavikwa, mambo yamekwisha. Wageni hawajafika, likaingia gari la watu, akashuka kijana mfupi mwenye viatu vyeupe, peke yake. Hana baba, hana mzee, hana hata mjomba wa kukodi. Akamwambia mzee kwamba amesikia jana sokoni habari ya hereni, na kwamba anamwomba Burul yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Mzee alimtazama hivi," alisema Bibi Kalipa, akafanya uso ambao uliwavunja mbavu hata waombolezaji. "Akamwambia, 'Mwanangu, kwenu mmekufa wote?' Kijana akasema hapana, wapo. 'Basi kwa nini umejileta kama barua?' Kijana akasema, 'Babu, hapakuwa na muda.'"

Mzee akasema kwanza wale chakula, jibu atalitoa kwenye dua ya kufungia meza. Wakala kondoo wa watu wa kinu. Walipokwisha kula, mzee wa miaka themanini na minne, tumbo limejaa, jua la dirishani limempiga mgongoni, akalala. Akalala akiwa amekaa, kidevu kifuani.

Nawe ukakaa. Kwetu meza haiinukiwi kabla mkubwa hajainua mikono kuomba dua. Ukiinuka umeikata baraka, na mzee ambaye baraka yake umeikata humwendei kesho kumwomba mjukuu. Bibi Kalipa naye hakuweza kumwamsha, kwani mkwe mpya hamgusi baba mkwe wala hapazi sauti mbele yake. Mkakaa watatu, mmoja anakoroma.

"Nilimwona anaangalia saa ya ukutani," alisema. "Sikujua habari ya mpira wala ya Mswidi. Niliona tu mtu anayeungua ndani. Ninyi wa mjini mnajimiminia chai kama mnanywesha ng'ombe, mmesahau. Chai ya mgeni humiminwa nusu, ili aendelee kukaa. Ukimjazia kikombe mpaka ukingoni, umemwambia, nenda zako, hakuna atakayekulaumu. Basi nilimjazia. Nilijaza mpaka chai ikasimama juu ya kikombe. Nikamwekea mbele, nikamwangalia usoni, jambo ambalo mkwe mpya hafanyi. Akaelewa. Akakitazama kikombe muda mrefu. Halafu akainywa chai yote, ya moto vile vile, akanirudishia, akaniambia kwa sauti ya chini, 'Nusu, jenge.'"

Jenge, yaani shemeji. Alikwisha kujihesabu mtu wa nyumba ile.

Kubat aliuliza ilikuwa saa ngapi. Bibi Kalipa akasema saa sita na nusu, saa ilikuwa mbele ya macho yake. Valeri akapiga hesabu kwa vidole, na sauti ilipomtoka haikuwa ya utani: kwa gari lake, saa saba na nusu ungekuwa uwanjani, umeshavaa.

Mzee aliamka saa nane imepita. Akauliza kama kijana ana haraka ya kwenda mahali. Ukasema, "Sina haraka, babu." Ndipo akainua mikono, akaomba dua, akakupa Burul. Kisha akawashikisha mkate wewe na Bibi Kalipa. Kijana hajiposei mwenyewe, alisema; baba yako akijua atainamisha kichwa mbele ya ukoo mzima. Kwa hiyo baba yako atakuja vuli na wazee, naye mzee atajifanya hajawahi kukuona, na la leo halikutokea, wala Burul asilijue maadamu mmoja wenu, mzee au wewe, yuko hai. Ukaapa. Bibi Kalipa akakufungia fungu lako la nyama kwenye kitambaa chake, kwa sababu jikoni hapakuwa na kingine kisafi.

Wajomba zangu, wale wa asiyekuwapo na lake halipo, mmoja wao alikuwa analia waziwazi. Mimi nilikuwa namtazama Mama na moyo wangu umejaa furaha, nikidhani sasa umeshuka, mzigo umeshuka, mume wake hakukimbia.

Mama aliuliza jambo moja tu. "Watu wa kinu walifika saa ngapi?"

"Hawakufika," alisema Bibi Kalipa. "Tuliwangoja mpaka jioni. Mpaka leo sijui kilichowazuia."

"Mimi ndiye niliyewazuia," alisema Mama.

Wiki nzima kabla ya siku ile, Baba, Mama alipanda basi mwenyewe hadi kwenye kinu. Alimkuta yule kijana amejaa unga mpaka kope, akamwambia kwamba ana mtu wake, na kwamba mama wa kijana akileta hereni, yeye Burul atazitupa mtoni mbele ya wageni. Kijana wa watu aliogopa. Wakaghairi, wakaona aibu kutuma habari. Mama hakumwambia mtu, wewe wala babu yake. Msichana mwenye haya haendi kukataa posa kwa miguu yake, kama vile kijana mwenye haya haendi kuposa kwa mdomo wake. Kila mmoja wenu alifanya jambo lisilofanywa, kwa ajili ya mwenziwe, kisha akalificha kwa adabu.

Mama alipomaliza kusema hayo alikasirika. Alikasirika kweli, kama ungekuwa umekaa pale mbele yake. Akasema wewe ni mjinga. Akasema mtu anapasua mpira kwa kisu ili ajue kilichomo, lakini mwanamke anayetaka kumuoa hamuulizi neno moja. Akacheka, akalia, akakigonga kile kipande cha mkate kwa kidole kana kwamba ni wewe. Wanawake walipokuja na shali jeupe kumvua nyeusi ya mwaka, aliwaambia wangoje kwanza, hajamaliza kugomba na mume wake. Wakangoja. Ilichukua muda, kisha akajifunga shali mwenyewe.

Tangu siku ile nyumbani hapazungumzwi kingine. Je, ungemshinda Mswidi? Valeri anasema ungefungwa seti mbili kwa bila na ungekwenda kumuuliza maswali. Kubat anasema ungemchosha, kwani watu warefu hawapendi kuinama. Mimi ninajiuliza habari ya kikombe: ulipokitazama muda mrefu vile, ulikuwa unafikiria nini? Ulipima, au ulikuwa umeshaamua tangu ulipowasha gari? Ningetoa kitu kikubwa kukuuliza, nami ningekuuliza kwa namna yako, baada ya mechi, bila kukuhukumu. Sitapata jibu. Nakubali, lakini kwa shida.

Mama amemaliza viazi. Nimemsomea mpaka hapa, akasema nimeandika maneno mengi na la maana sijalisema, nimpe nafasi. Hataki kalamu. Anasema niandike kama anavyotamka.

"Marlen. Nilikaa uwanjani mpaka saa kumi, na miaka yote hii sikujua ninamngoja nani. Sasa najua, na nimekukasirikia, na nitakukasirikia mpaka nitakapokuja. Hereni zisingekuja. Ungeinuka tu kwenye ile meza. Ungekwenda kucheza mechi yako, na ungenikuta pale na gauni langu, wako vilevile."

Wanaokukumbuka ni mke wako Burul, watoto wako Meerim na Kubat, mkweo Jyldyz, mjukuu wako Alim, aliyezaliwa Februari na ambaye tayari anatumia mkono wa kushoto, dada yako Roza, Kalipa, jenge yako, Valeri Pak na mkewe, na watoto wote wa viwanja vya bustani, wakubwa kwa wadogo.

Hatukukusahau mwaka huu, Baba, wala hatutakusahau maisha yetu yote.